Bwana Babu na Nchi Iliyofungiwa Mlango

Mgeni atokaye Unguja au Pemba, akishuka boti bandarini Dar es Salaam na kupanda basi la mwendo kasi liendalo Kimara, hupita Magomeni, akapita Manzese, kisha huuona ukuta mrefu wa kiwanda cha nguo cha Urafiki. Kiwanda hicho kilijengwa kwa mkopo wa Wachina na kufunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1968. Dakika chache mbele yake ni njia panda ya Ubungo, ambako sasa magari hupita juu kwa juu. Hapo palipokuwa stendi kuu ya mabasi ya mikoani, kabla haijahamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021, limesimama jengo kubwa la biashara lililofunguliwa mwaka 2025. Jengo hilo nalo limejengwa kwa fedha za Wachina, na lina maduka yapatayo 2,000. Kiwanda kilijengwa ili pamba yetu isokotwe, ifumwe na ichapwe rangi hapa hapa. Jengo la biashara limewekwa ili bidhaa zilizokwisha kutengenezwa kwingine zipate pa kuuzwa. Kwa basi ni mwendo wa dakika chache, na kwa hesabu ya uchumi ni mwendo wa miaka 57.

Tunapoyatazama majengo hayo mawili humkumbuka mwana mmoja wa Visiwani, ambaye huenda alikuwa wa kwanza miongoni mwetu kuutazama uchumi wa China kwa jicho la mtu anayetaka kujifunza. Naye ni marehemu Abdulrahman Mohamed Babu. Jina lake wazee wa Unguja wakilitaja hushusha sauti, na vijana wa Bara wengi hawalijui kabisa. Leo tunataka kuizungumza kazi yake moja tu, ile ya kuisoma nchi iliyotengwa na dunia, kwa sababu kazi hiyo haijapata mrithi, na kukosekana kwa mrithi kunatugharimu.

Babu alizaliwa Unguja mwaka 1924. Kabla ya siasa alikuwa karani katika chama cha wakulima wa karafuu, yaani aliujua uchumi wa Visiwa kutoka kwenye mizani na daftari. Aliona tunda linalochumwa Pemba likipimwa, likatiwa gunia na kupakiwa melini kwenda kwa watu ambao mchumaji hatawaona maisha yake yote, na meli ile ile ikarudi na mchele na kitambaa. Mwaka 1951 alikwenda Uingereza, akasoma huku akifanya kazi ya ukarani wa posta, na aliporudi mwaka 1957 akawa Katibu Mkuu wa chama cha ZNP. Katika miaka ya 1959 na 1960, Zanzibar ikiwa bado chini ya Waingereza, alifika China. Wakati huo hapakuwa na wapigania uhuru wa Afrika Mashariki waliokwisha kuitia mguu nchi hiyo. Baadaye aliliandikia shirika la habari la China kutoka Unguja, na hilo likawa sababu mojawapo ya wakubwa wa kikoloni kumwandama.

Yafaa msomaji kijana aelewe China ya wakati ule ilikuwa nini. Haikuwa nchi ya maghala na maonyesho ya biashara kama aijuavyo leo. Marekani ilikuwa imeiwekea vikwazo vya biashara tangu mwaka 1950. Kiti chake Umoja wa Mataifa kilikaliwa na Taiwan hadi tarehe 25 Oktoba 1971, siku ambayo Balozi wetu, Ndugu Salim Ahmed Salim, mwana mwingine wa Visiwani, alikuwa miongoni mwa walioipigania kura ile. Mwaka 1960 Warusi nao waliwaondoa wataalamu wao kwa ghafla, wakaondoka na michoro ya viwanda ambavyo havijakwisha. Na tangu mwaka huo, kwa karibu miaka ishirini, Serikali ya China iliacha kabisa kutoa takwimu za maana za uchumi wake. Mtu aliyetaka kujua Wachina wanavuna nini na wanakula nini hakuwa na kitabu cha kufungua.

Basi wataalamu wa dunia waliisomaje nchi iliyojifungia na kufungiwa? Walikuwapo waliokaa Hong Kong wakisoma magazeti ya majimbo na kuwahoji wakimbizi mmoja mmoja, na walikuwapo waliohesabu vitu kwa upande wa pili, maana kile nchi isichokisema, mwenziwe anayefanya biashara nayo amekiandika katika vitabu vyake vya forodha. China ilipoanza kununua ngano kwa wingi kutoka Kanada na Australia mwaka 1961, hapakuhitajika mpelelezi kujua kwamba chakula kilikuwa hakitoshi. Na walikuwapo pia waliokwenda wenyewe kwa mwaliko wa wenyeji, wakatembezwa, wakala, wakarudi kuandika.

Babu alikuwa wa kundi hili la mwisho. Alikuwa rafiki, na rafiki hufunguliwa milango ambayo adui haioni. Lakini rafiki huyo huyo huonyeshwa sebule. Safari yake ya kwanza iliangukia katikati ya ile miaka ya Mruko Mkubwa, kati ya 1958 na 1961, ambapo njaa iliua mamilioni ya watu vijijini China. Na chanzo kimoja cha njaa ile hakikuwa ukame. Kilikuwa ripoti. Mavuno ya nafaka ya mwaka 1958 yalitangazwa kuwa tani milioni 375. Mwaka uliofuata wakubwa wakakiri kuwa ni tani milioni 250. Baadaye kabisa ikajulikana kuwa hayakupita sana tani milioni 200. Kila katibu wa kijiji alimwongezea katibu wa wilaya, naye akamwongezea wa jimbo, na Serikali ikakusanya nafaka kwa kufuata hesabu ya karatasi, ikasafirisha nyingine nje ya nchi, huku aliyelima akibaki na ghala tupu. Edgar Snow, mwandishi wa Kimarekani aliyekuwa akiwafahamu viongozi wa China tangu mwaka 1936, aliitembelea nchi hiyo mwaka 1960, akarudi akisema hakuona njaa. Hakuwa mwongo. Alisema aliyoyaona, na aliyoyaona ni yale aliyoonyeshwa.

Tunalisema jambo hili kwanza, kabla ya sifa, kwa sababu sisi ni makada, na kada ndiye yule katibu wa kijiji. Hatuna haja ya kwenda mbali. Tumewahi kushiriki safari ya mafunzo ya nchi za nje, siku kumi, viwanda sita na chakula cha jioni kila siku. Tulipokaa kuandika taarifa yetu, nusu yake tuliinakili kutoka vijitabu tulivyogawiwa mapokezini, na hakuna aliyetuuliza tumejifunza nini. Tuliulizwa tu kama picha zimetoka vizuri.

Sasa turudi kwa Babu, maana kuna alichokiona ambacho wengi wa wakati wake, marafiki kwa maadui, hawakukiona. Wengine walirudi China wakisimulia nidhamu, nguo za rangi moja na nyimbo za asubuhi. Mwalimu mwenyewe, alipofika huko Februari 1965, alivutiwa mno na maisha ya kutojikweza ya viongozi wale, akaleta fundisho hilo nyumbani. Babu aliuliza swali la karani wa karafuu: hawa wanazalisha nini, kwa ajili ya nani? Jibu alilolipata ndilo lililomwongoza mpaka kaburini. Aliona nchi maskini, iliyonyimwa masoko ya dunia, ikilazimika kuuza na kununua ndani yake yenyewe. Pamba ya mkulima ilikwenda kiwanda cha Mchina mwenzake, nguo ya kiwanda ikarudi kwa mkulima, na jembe na mashine ya kufumia vikatoka katika chuma cha hapo hapo. Kutengwa kulikokusudiwa kuwa adhabu kuliifundisha China kuwa soko la nafsi yake.

Kutoka hapo Babu alijenga hoja ambayo kwa maneno yetu ni hii: nchi inayozalisha isichokitumia na kutumia isichokizalisha haina uchumi, ina duka la kupitishia mali ya wengine. Kipimo hicho hakikuisamehe Zanzibar na karafuu zake, wala Bara na katani, kahawa na korosho zake. Wenzetu wa Visiwani hawahitaji kuelezwa ukweli wake. Mnunuzi mkubwa wa karafuu alikuwa Indonesia, aliyezitia katika sigara zake. Indonesia ilipopanda mikarafuu yake ikatosheka, bei ikaporomoka katika miaka ya 1980, na Pemba ikabaki na harufu.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Babu, aliyekuwa amekwisha kuanzisha chama cha Umma mwaka uliotangulia, akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Zanzibar, na baada ya Muungano akaingia katika Serikali ya Jamhuri ya Muungano. Alishika wizara kadhaa, ikiwamo ya Biashara, na mwishowe ile ya Mambo ya Uchumi na Mipango. Hapo elimu yake ya China ilipata kazi. Juni 1964 Ndugu Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, aliongoza ujumbe Peking, kama mji ulivyoitwa wakati ule, na mikataba ya mwanzo ikaanza kutiwa saini. Madaktari wa kwanza wa Kichina walifika Unguja mwaka huo huo, na mpaka leo hawajakatika. Ukafuata Urafiki, ukafuata Uwanja wa Amaani, kisha kiwanda cha zana za kilimo hapa hapa Ubungo, kilichotoa majembe na plau, na baadaye kiwanda cha sukari cha Mahonda.

Tuitazame Urafiki kwa karibu kidogo. Kiwanda kile hakikuwa na mitambo ya kisasa kuliko yote. Wachumi wa Mlimani, ambako ni hatua chache tu kutoka hapo Ubungo, walikilinganisha na kiwanda cha nguo cha Mwanza kilichoanza takriban wakati ule ule kwa mitambo ya Ulaya, wakaona kuwa Urafiki kiliajiri watu wengi zaidi kwa mtaji mdogo zaidi, na mitambo yake ilikuwa ya namna ambayo fundi wetu angeweza kuijifunza. Pamba ilitoka kanda ya Ziwa, na khanga zikatoka Ubungo zikavaliwa Micheweni na Makunduchi. Kwa miaka kadhaa ule mzunguko ambao Babu aliuona China ulizunguka Morogoro Road.

Halafu ikaja reli. Benki ya Dunia ilikuwa imeikataa kwa hoja kwamba haitalipa. Wachina waliikubali, wakatoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, na kati ya mwaka 1970 na 1975 kilomita 1,860 zikalazwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Zaidi ya Wachina 60 walikufa katika kazi hiyo, pamoja na Watanzania na Wazambia. Lakini kuna kipengele kimoja ambacho hakiimbwi katika sherehe. Gharama za ndani, yaani mishahara ya vibarua wetu na saruji ya hapa, zililipwa kwa bidhaa za Kichina zilizoletwa na kuuzwa katika maduka ya mashirika ya umma, na fedha iliyopatikana ikaingia katika ujenzi. Ndipo nyumba zetu zikajaa chupa za chai, cherehani, baiskeli na nguo kutoka China. Haikuwa hila, ulikuwa mkataba wa wazi, na kwa nchi isiyo na fedha za kigeni ulikuwa mkataba mzuri. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na mbegu ya jengo tulilolitaja mwanzoni. Tuliletewa reli na duka kwa pamoja. Reli ilipochoka, duka likaendelea.

Mwaka 1972 ulikuwa mwaka wa kukatika kwa mambo. Kitabu cha Walter Rodney, mwalimu wa Mlimani, juu ya namna Ulaya ilivyoifukarisha Afrika, kilitoka mwaka huo, na maneno ya mwisho ndani yake aliyaandika Babu. Februari aliondolewa katika Baraza la Mawaziri. Tarehe 7 Aprili Mzee Abeid Amani Karume aliuawa. Babu akawekwa kizuizini Bara, mahakama ya Zanzibar ikamhukumu kifo naye hayupo mbele yake, na Mwalimu hakumtoa. Aliachiliwa Aprili 1978. Hatukusudii kulifungua tena faili lile katika ukurasa huu. Zipo familia pande zote mbili za bahari ambazo bado zina makovu, na yaliyosemwa yamekwisha semwa. Tunachokitaja ni kwamba katika miaka ile sita mtu aliyeijua China kuliko wengine Serikalini alikuwa nyuma ya kuta, na katika miaka hiyo hiyo ndipo maamuzi makubwa juu ya viwanda na vijiji yalipofanywa.

Kifungoni aliandika kitabu, kikachapishwa London mwaka 1981, akiuliza kama tunataka ujamaa wa Kiafrika au Afrika ya kijamaa. Humo hakumpaka mtu mafuta. Alidai kwamba kutaifisha benki na mashamba bila kubadilisha kinachozalishwa ni kubadilisha mwenye ufunguo wa ghala lile lile. Alitaka chakula, nguo na nyumba viwe msingi, na nyuma yake chuma, maana nchi isiyoyeyusha chuma chake hununua hata msumari. Makada wa wakati ule walimwona mkaidi, na sehemu ya ukaidi huo ilikuwa kweli: alikuwa mwepesi wa kuamini kwamba panga la mapinduzi likikata vizuri, mengine yatajipanga yenyewe. Na juu ya njaa ya 1959 hadi 1961 tungependa angeandika zaidi kuliko alivyoandika. Ila hoja ya chuma hatuna la kuijibu. Mwaka 2011 ulitiwa saini mkataba na kampuni ya Kichina juu ya chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, na zaidi ya miaka kumi ikapita bila tanuri kuwaka.

Babu alifundisha vyuo vya Marekani na Uingereza, akaandika magazetini bila kuchoka, akarudi nyumbani mwaka 1995 akiwa upande wa wapinzani wa Chama chetu. Hatulifichi hilo, wala halipunguzi hesabu yake. Alifariki London tarehe 5 Agosti 1996 na kuzikwa Unguja.

Nini kimetokea baadaye? Mwaka 1997 Urafiki kiligeuzwa kuwa ubia, Wachina wakiwa na asilimia 51 na Serikali yetu 49. Hatukusikia kwamba mtu wa upande wetu alikwenda kwanza kuchunguza viwanda vya nguo vya China vilikuwa vinakwenda wapi mwaka ule, vilikuwa vinazalisha kwa bei gani, na kama mwenye viwanda kama vile nyumbani kwake angekuwa na sababu ya kukifufua cha Ubungo. Hayo ndiyo maswali ya mtu anayeisoma nchi. Majibu yalikuwapo, maana China ya 1997 ilikuwa imekwisha fungua milango na vitabu vyake. Sisi ndio tuliokuwa tumeacha kusoma. Nchi ilipokuwa imefungwa tulikuwa na mtu wa kuchungulia. Ilipofunguliwa tukaridhika na kukaribishwa.

Leo vipo vyombo ambavyo Babu hakuviota. Mlimani ipo Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2013 na maktaba kubwa waliyotujengea Wachina tangu 2018. Kibaha ipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa Februari 2022 kwa ushirikiano wa vyama sita vya ukombozi na msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China, nasi makada hupita Ubungo kwenda huko. Vijana wetu wanakijua Kichina kuliko kizazi chochote kilichotangulia, na wengi wao huishia kuwa wakalimani wa mikataba iliyoandikwa na wengine. Tungependa Wizara ya Fedha, Tume ya Mipango ya Zanzibar na wenzao wa Bara waambiane ni maofisa wangapi kati yao wanaosoma taarifa za uchumi za China kwa lugha yake, wakazilinganisha na daftari za forodha za bandari yetu, na kumwandikia Waziri bila kumwongezea.

Juma lililopita tuliingia katika lile jengo la biashara Ubungo kutafuta doti ya khanga. Zilikuwapo nyingi na za bei nafuu. Mbebaji mmoja, kijana wa Manzese, ndiye aliyetusaidia. Alisoma tarakimu za Kichina zilizoandikwa juu ya marobota, akatuambia bei ya jumla ni ipi na ya rejareja ni ipi, akaongeza kuwa tungojee, maana baada ya mwaka mpya wa Kichina viwanda fulani huchelewa kufunguliwa na mzigo huadimika kwa wiki kadhaa, kisha hushuka. Tulimwuliza amejifunza wapi. Akasema amekuwa akiandika katika daftari tangu siku jengo lilipofunguliwa, na akatuonyesha: safu ya tarehe, safu ya bidhaa, safu ya bei.